Tuanzie na Maji Tunayomwaga

Akina mama wenzetu, siku ya kliniki ya wajawazito hapa kwetu Dodoma huanza na benchi refu na kadi mkononi. Mama hupimwa uzito, hupimwa presha, kisha hutobolewa kidole ili tuone wingi wa damu yake. Mjamzito anatakiwa awe na damu isiyopungua 11. Akishuka chini ya hapo tunasema ana upungufu, na akiwa chini ya 7 hali yake ni ya hatari, maana damu kidogo tu ikimtoka wakati wa kujifungua anaweza kutuponyoka mikononi.

Siku moja alikuja mama mwenye mimba ya tatu, kipimo kikasoma 8. Tulimpa vidonge vya kuongeza damu, tukamfundisha kama tunavyowafundisha wote: ale mboga za majani kila siku, ale matunda, ale maharage, apate dagaa au maini akiweza. Alitusikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akasema, "Nesi, nimekusikia. Lakini kiangazi hiki fungu moja la mchicha linatosha watu wawili, na sisi nyumbani tuko saba. Nikinunua mboga, unga sinunui."

Hatukuwa na jibu. Somo lile tumelitoa kwa miaka mingi, na hatuna budi kukiri kwamba tulikuwa tumezoea kulitoa bila kuuliza mboga hizo zitatoka wapi.

Wiki hiyo hiyo kikundi chetu cha akina mama wa kanisa kilikuwa na zamu ya kutembelea kaya, tukafika kwake. Uwanja ulikuwa umefagiliwa hata mistari ya ufagio ilionekana kama nywele zilizochanwa. Hapakuwa na jani hata moja, ila mahali pamoja tu. Nyuma ya jiko, pale anapomwaga maji ya kuoshea vyombo, palisimama mche wa nyanya wenye matunda manne, na pembeni yake mchicha pori mnene kuliko ule wa sokoni.

"Ule nani kapanda?" akauliza Mama Mchungaji.

"Umejiotea tu," akajibu mwenyeji wetu, na wote tukabaki tunautazama.

Mambo tunayoyaandika hapa yalianzia kwenye mche ule. Tumeyafanya kwetu na kwa majirani, tukakosea mengi, na mengine tunaendelea kujifunza.

Hatuwacheki mama zetu

Waliotufundisha kufagia uwanja mpaka ung'ae walikuwa na sababu. Penye udongo mtupu nyoka huonekana mapema, na mtoto anayetambaa haokoti kitu usichokiona. Hata leo sisi tunaacha hatua tatu kuzunguka nyumba zikiwa safi kabisa.

Lakini kiwanja kizima? Upepo wa Juni hadi Agosti, ambao mkazi wa Dodoma hahitaji kuelezwa, huubeba udongo huo na kuuingiza ndani, kwenye vyombo na vifuani mwa watoto. Mvua ya kwanza ya Desemba nayo huukuta umelegea ikauchukua wote, mpaka msingi wa nyumba unabaki nje kama meno yasiyo na ufizi. Mwaka mmoja tulipoteza kiasi cha kiganja kizima cha udongo upande wa nyuma, na tulikuwa tukijisifu kwa usafi.

Pima maji yako kwanza

Mtu akitaka bustani huanza kwa kununua mbegu. Tunashauri uanze na ndoo. Kwa siku mbili tulikusanya kila maji yaliyotaka kumwagwa nyumbani kwetu, watu sita: ya kuoshea mchele na mboga, ya kusuuzia vyombo, ya kunawa mikono, ya kuogea watoto. Tulipata zaidi ya ndoo mbili za lita 20 kwa siku. Haya ni maji tuliyoyalipia, tena mengine tuliyabeba kichwani wiki bomba lilipokauka, kisha tukayamwaga njiani ili kutuliza vumbi.

Si maji yote ni sawa, na hapa tunaomba uwe makini. Ya kuoshea mchele, mboga na matunda mwagilia mboga bila wasiwasi. Yenye sabuni ya kuogea au kufulia yapeleke kwenye migomba na mipapai, usiyamwage juu ya majani yatakayoliwa. Yaliyo na dawa ya kuondoa madoa, au yaliyofulia nepi zenye kinyesi, hayo ni ya chooni. Wala usiyaweke maji haya machafu yakalala siku mbili, maana yatanuka na mbu watataga humo. Tangu yai mpaka mbu arukaye ni kama wiki moja tu wakati wa joto, na anayeeneza homa ya dengue hupenda hasa maji madogo madogo yaliyotulia: kisahani chini ya chungu cha maua, kopo, tairi. Dar es Salaam iliugua dengue mwaka 2014 na tena mwaka 2019. Kwa hiyo tairi zetu tumezijaza udongo hadi juu na kupanda maua. Mboga hatupandi humo.

Kuna maji mengine tunayaacha yapite: ya paa. Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Nyumba yenye paa la mita 8 kwa 10, mvua ya milimita 20 ikipiga jioni moja, inamwaga lita 1,600, ingawa kidogo hupotea. Dodoma hupata kama milimita 550 kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili, na paa hilo kwa msimu mzima ni zaidi ya lita 40,000. Tangi kubwa wengi hatuna uwezo nalo. Hata hivyo mfereji wa bati kwenye ukingo mmoja wa paa, ukaelekezwa kwenye shimo la migomba badala ya kwenye msingi wa nyumba, ni kazi ya fundi ya siku moja. Ukiweka pipa, lifunike kwa mfuniko mzito. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu anaweza kuzama hata kwenye ndoo, nasi hatutaki kulieleza hilo zaidi.

Gunia

Hili ndilo la kwanza tulilomfundisha yule mama, kwa sababu amepanga, na mwenye nyumba hakutaka uwanja uchimbwe. Gunia halichimbi uwanja wa mtu.

Tafuta kiroba cha sandarusi cha kilo 50 na kopo la rangi la lita 4 lililokatwa kitako, likabaki wazi juu na chini. Kusanya mawe ya ukubwa wa ngumi, karai mbili hivi. Changanya udongo karai mbili kwa samadi iliyooza karai moja. Tunasema iliyooza. Mbolea ya kuku ikiwa mbichi huunguza mizizi, na samadi mbichi huleta vijidudu juu ya majani. Iliyooza vizuri haina joto ukiishika na hainuki tena kama zizi.

Weka gunia mahali litakapokaa kabla ya kulijaza, kwa maana likishajaa hata vijana wawili hawalisogezi. (Letu la kwanza tulilijaza mlangoni mwa jiko, likakaa hapo mwaka mzima tukilizunguka.) Mahali pazuri ni pale panapopata jua la asubuhi na kivuli cha mchana, upande wa mashariki wa nyumba. Kunja midomo ya gunia kama unavyokunja mkono wa shati. Simamisha kopo katikati, lijaze mawe, zungushia udongo hadi usawa wa kopo, kisha livute kopo juu taratibu ukiacha mawe yamesimama. Lijaze tena mawe, zungushia udongo tena, mpaka juu. Mwishowe una nguzo ya mawe katikati ya gunia, na hiyo ndiyo njia ya maji. Wengi huiruka hatua hii kwa kuona ni usumbufu, halafu wanalalamika kwamba juu kumelowa na chini miche imekufa.

Mwagia maji mpaka gunia zima lilowe, liache siku mbili tatu. Ndipo utoboe matundu ubavuni kwa kisu, madogo ya vidole viwili, umbali wa shibiri moja moja, yasipangane mstari mmoja juu ya mwingine. Ingiza mche kwa kidole, mizizi ielekee chini. Gunia moja linachukua miche 20 hadi 30 ya sukuma wiki au chainizi ubavuni, na juu yake ukapanda vitunguu vya majani au nyanya mbili. Kiangazi tunamimina kama lita 5 asubuhi na nyingine jioni, kwenye mawe. Ukitumia maji ya mchele, yachuje kwanza, maana chembe za wali zinaziba na kuita panya.

Jua la kwetu hulila gunia la sandarusi kwa mwaka mmoja hivi, ukiligusa linachanika kama karatasi. Udongo wake haupotei, unahamia gunia jipya. Na ukihama nyumba unaweza kuuhamisha kwa karai, jambo ambalo mama mmoja wa kikundi chetu alilifanya mbele ya mwenye nyumba aliyeduwaa.

Tuta la kuzama na shimo la migomba

Kwa mwenye uwanja wake, tuta lililoinuliwa kama tulivyofundishwa shuleni halifai sana penye ukame. Maji yanateleza pembeni na upepo unalikausha. Sisi tunachimba chini. Pima upana wa mita 1, usizidi, ili mkono ufike katikati bila kukanyaga. Urefu ni kadiri ya nguvu zako, nasi tulianza na mita 3. Chimba hadi magotini, udongo wa juu uweke upande mmoja na wa chini upande mwingine. Tandaza mabua ya mahindi, majani makavu, maganda ya jikoni na samadi, mwagia maji, rudisha udongo wa juu ukichanganya na samadi, lakini usijaze. Uso wa tuta ubaki chini ya usawa wa uwanja kwa kiganja kimoja. Kisha funika kwa nyasi kavu. Wakati tuta la jirani lilitaka maji kila siku, letu lilisubiri siku ya tatu.

Shimo la migomba ni rahisi zaidi. Ni shimo la duara la mita 1 karibu na bafu, lijae takataka zinazooza, na kandokando yake migomba miwili, mipapai mitatu na viazi vitamu vya kutambaa. Maji ya kuogea yanaishia humo. Takataka zijae kila wakati, maji yasionekane juu. Mipapai ipande mitatu kwa pamoja, kwa sababu kuna dume na jike na huwezi kuitambua kabla haijatoa maua. Dume likijitokeza ling'oe, jike libaki. Tangu mche mpaka tunda la kwanza kuiva ni kama mwaka. Shimo hili liwe mbali na kisima, na mboga zozote usiziotesheze juu ya karo la choo hata kama hapo ndipo panapostawi kuliko kote. Tunajua panastawi.

Nini kipandwe

Matembele kwanza. Hayahitaji mbegu ya duka. Unamwomba mwenzio vipande vya urefu wa shibiri moja na nusu, unavilaza vikiwa vimefukiwa nusu yake, na baada ya mwezi na kitu unachuma. Mchicha ni wiki tatu hadi nne tangu kusia, usisubiri ukomae. Chuma ncha ili uchipue tena. Sukuma wiki huanzia kitaluni mwezi mmoja na zaidi, lakini ikishakubali inakulisha kwa miezi mingi ukichuma majani ya chini.

Msidharau mnavu, mgagani na jamaa zao mlenda. Kuna kizazi chetu kilichoambiwa hayo ni magugu, tukayang'oa ili tupande kabichi. Wataalamu wamekwisha kutusahihisha. Huko Kenya Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia amefanya kazi ya miaka mingi kuthibitisha ubora wa mboga hizi za asili, na pale Arusha kituo cha kimataifa cha utafiti wa mboga, kilichoanza mwaka 1992, huzalisha mbegu zake. Zinavumilia jua letu kuliko kabichi, na bibi zetu walizijua.

Kama una nafasi ya viazi, tafuta viazi lishe, vile vyenye nyama ya rangi ya chungwa. Rangi ile ndiyo chanzo cha vitamini A, na matone tunayowapa watoto wa miezi 6 hadi 59 kila baada ya miezi sita ni kwa ajili ya vitamini hiyo hiyo, inayolinda macho na kumsaidia mtoto kushinda surua na kuhara. Mwaka 2016 Tuzo ya Chakula Duniani ilikwenda kwa watu wanne, na watatu kati yao walikuwa wamefanya kazi ya viazi hivi. Mmoja wao ni Mganda, Robert Mwanga, na wawili ni wanawake, Maria Andrade na Jan Low. Matone ya kliniki yaendelee hata kama una viazi.

Neno la jikoni kabla hatujasonga. Mboga ya majani isipopata mafuta kidogo, karanga au nazi, vitamini A yake haifyonzwi vizuri. Isipopata kitu kichachu, ndimu, embe bichi au kipande cha papai pembeni, madini ya chuma yake mwili huchukua machache mno. Na chai ya rangi ukiinywa pamoja na chakula inayazuia hata hayo machache, subiri saa nzima. Mboga ukiikausha kwa ajili ya kiangazi, ianike kivulini penye upepo badala ya juani. Jua kali huunguza vitamini ukabaki na majani matupu.

Bustani inaweza kunyonya damu

Watu wengi hawalijui hili. Minyoo ya safura huingia kwa ngozi ya miguu, kutoka udongo uliochafuliwa na kinyesi cha binadamu, ikaishi tumboni ikinyonya damu. Mama anaweza kulima mchicha akiwa pekupeku kwa ajili ya damu, huku miguuni anaipoteza. Vaa viatu, hata kandambili ni afadhali kuliko wayo mtupu. Mjamzito asishike udongo wanapojisaidia paka bila kuvaa kitu mikononi, kuna ugonjwa unaomfikia mtoto tumboni. Ukijikata na jembe, osha kwa sabuni na maji mengi, njoo kituoni tuangalie kadi yako ya chanjo ya pepopunda.

Sasa tukiri kosa letu wenyewe. Tulipotaka ua la kuzuia mbuzi tulipanda minyaa, kama nusu ya mji huu. Inakubali penye mawe, haitaki maji, mbuzi haigusi. Mtoto wetu wa miaka mitano alivunja tawi akicheza, utomvu mweupe ukaruka jichoni. Yeyote aliyesikia mtoto akilia kwa minyaa hasahau. Jirani mwema alikuja mbio na dawa ya kienyeji, mwingine akashauri maziwa ya mama anayenyonyesha. Tulikataa yote. Tulimlaza, tukashikilia kope wazi, tukamimina maji safi taratibu kwa dakika 20 kwa saa ya ukutani, kisha hospitali. Alipona, lakini siku mbili hakuona vizuri, nasi tukiwa wauguzi tuliopanda sumu mita nne kutoka mlangoni kwa mikono yetu.

Minyaa tuliing'oa tukiwa tumevaa miwani na mikono mirefu, hatukuichoma karibu na nyumba. Mahali pake tulipanda mlonge, nusu mita kwa nusu mita, tunaukata kila unapofika kifuani. Mbuzi wanaupenda kupita kiasi, ikabidi tufunge miiba nje mpaka ulipokua. Majani yake ni mboga nzuri, mizizi na magome usimpe mjamzito hata kama umeambiwa ni dawa. Tazama pia yale maua yanayoning'inia kama tarumbeta, mbegu za mbarika, na mbono unaopandwa makaburini. Yanapendeza au yana faida yake, lakini mtoto akiyala tunampokea akiwa anatapika au amechanganyikiwa.

Dawa ya wadudu ndiyo inayotutisha kuliko yote. Wadudu wapo, hasa kantangaze anayemaliza nyanya, aliyeingia nchini mwaka 2014. Lakini dawa ya shambani inayonunuliwa kwa kupimiwa na kutiwa kwenye chupa ya soda imetuletea watoto ambao tuliwapoteza. Haina haja ya maelezo marefu. Isiingie nyumbani kwenye chupa ya kinywaji. Ikitokea mtoto amekunywa, usimtapishe, usimpe maziwa, kimbia naye pamoja na chupa ile ile ili tujue ni nini. Kwa bustani ya jikoni, majani ya mwarobaini yaliyotwangwa yakalala kwenye maji usiku mmoja, yakachujwa na kutiwa sabuni kidogo, yanatosha kwa wadudu wengi. Nyunyiza jioni, jua huiharibu haraka. Na osha mboga kabla ya kupika hata hivyo.

Baba na vitofali

Wengi mtasema, uwanja ni wa baba. Kwetu ilikuwa hivyo. Baba watoto alikwisha kuagiza vitofali vya kutandaza uwanja mzima, kwa kuwa majirani wametandaza na gari halitachafuka. Hatukugombana. Tulimwomba asubiri mvua moja. Iliponyesha tulisimama wote barazani tukatazama maji ya kwa jirani aliyetandaza yakipita chini ya ukuta kuingia kwetu. "Yetu yatakwenda wapi?" tukauliza. Hakujibu siku ile.

Baada ya wiki mbili alikuja na wazo lake mwenyewe, na tunalisema kwa heshima kwa sababu ni zuri kuliko letu. Alitandaza njia mbili tu za magurudumu, katikati akaacha ukoka, na vitofali vilivyobaki vikazunguka matuta ya mboga ili kuku wasichakure. Gari ni safi. Mchana ukitembea pale huungui nyayo kama kwa jirani.

Tena alitaka mzabibu, maana Dodoma bila zabibu ni nini? Mama wa Mithali 31 naye alipanda mizabibu, alitukumbusha, kana kwamba ni yeye atakayeichimbia. Akajenga chanja juu ya mahali tunapokaa jioni. Miaka mitatu tulipata kivuli na majani tu, kwa sababu tulimwonea huruma mti tukaogopa kuukata. Mkulima mmoja wa zabibu alipopita akacheka, akachukua mkasi akaukata mpaka tukataka kulia. Miezi minne baadaye tulichuma. Mzabibu usipokatwa hauzai, na ukiutunza unaukata na kuuvuna mara mbili kwa mwaka.

Yule mama wa damu 8 alijifungua salama mtoto wa kike. Kipimo chake cha mwisho kilisoma 10.6. Hatusemi ni mchicha. Alimeza vidonge kila siku, alipewa dawa ya minyoo, alilala ndani ya chandarua. Upungufu mkubwa wa damu hauponywi na bustani, na mama asiache vidonge kwa sababu ana sukuma wiki. Lakini magunia yake sasa ni matano, na fungu lile la watu wawili hajalinunua tangu Pasaka. Mwenye nyumba ameomba afundishwe.

Vipande vya matembele na viazi lishe tunavyo vya kugawa mwanzo wa mvua. Wa jirani njooni Jumatano baada ya kipindi cha akina mama, na kila mtu aje na kisu chake, vyetu vimepotea vitatu.